Watoto Wawili kwenye Hori Moja

Jumapili, 7 Desemba 1947

Padri ametangaza leo kanisani. Mwaka huu kila nyumba ya Mkristo iwe na pango la Noeli. Yusufu, Maria, Mtoto, ng'ombe, punda. Yeye mwenyewe atapita nyumba kwa nyumba siku ya Krismasi kutazama. Alipomaliza akageuza macho upande wangu. Au nilidhani.

Nina sababu za kuogopa. Naitwa Luke Emojong, na Luka ndiye aliyeandika habari za hori. Mimi ni karani wa gombolola, yaani ofisi ya chifu, msomaji wa magazeti matatu, mtu ambaye barua zake kwa wahariri zimewatoa jasho machifu wawili na msimamizi wa barabara. Pango langu likiwa baya watasema Emojong anajua kuandika tu.

Halafu kuna Maloba. Karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba, kiongozi wa kwaya, jirani yangu ng'ambo ya barabara, adui wa sarufi. Baada ya Misa aliwatangazia watu kwamba ameagiza sanamu za plasta kutoka Nairobi, zenye rangi, pamoja na ngamia. Ngamia! Na namna alivyosema: "Ngamia yangu nakuja kwa treni." Nilijifunza Kiswahili Mombasa nikifanya kazi ya reli. Nilisikia maumivu ya kweli.

Lakini kubwa kuliko yote ni tarehe 26. Siku hiyo wakwe wanakuja kumposa binti yangu Akwi. Mzee Ojiambo wa Dabani na watu wake wote. Akwi anampenda kijana wao mpaka amejifunza kupika samaki kwa namna ya Kisamia. Tangu azaliwe hajaniomba kitu isipokuwa hiki: "Papa, siku hiyo usibishane na mtu." Nikaahidi. Nilipoahidi, nikaogopa.

Jumatatu, 8 Desemba

Siku ya kuchagua. Misheni wanatoa picha za karatasi ngumu za kukata na kusimamisha. Nimeziona. Yusufu anafanana na Bwana D.C., mkuu wetu wa wilaya, siku anapotaka kufunga soko. Sitaki mtu huyo nyumbani kwangu hata akiwa wa karatasi.

Plasta? Nimfuate Maloba? Afadhali kifo.

Basi, zitengenezwe hapahapa, na mikono ya hapahapa! Makala imekwisha kujiandika kichwani: "Nani Aliyesema Bikira Maria Alivaa Kofia ya Kizungu?" Amongin, mke wangu, akauliza kama kuna mchongaji mwingine duniani zaidi ya kaka yake Ikiring wa Mwello. Aliuliza akiwa ameshika kisu cha kumenyea viazi. Nikasema hakuna.

Nimekwenda Mwello kwa baiskeli. Ikiring amefurahi. Atachonga wote, na ng'ombe nyongeza. Nilimwuliza kama amewahi kuchonga mtu, kwa sababu nyumbani kwake niliona vigoda na vinu tu. Akaniambia: shemeji, kinu kina kiuno, kigoda kina miguu, kilichobaki ni kichwa.

Nimerudi polepole.

Jumatano, 10 Desemba

Balaa. Ojiambo ametuma salamu. Mama yake, bibi Taaka, mfinyanzi anayejulikana mpaka ng'ambo, Kenya, amesikia habari za pango. Atafinyanga Mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Zawadi ya wakwe.

Nani alimwambia? Akwi. Alidhani nitafurahi.

Nikimkataa bibi Taaka, posa imekufa kabla ya kuzaliwa. Nikimwambia Ikiring asichonge Mtoto, achonge punda tu, nitalala na ng'ombe mpaka Pasaka. Nimekaa ofisini saa nzima nikitazama muhuri.

Halafu hila ikaja. Nzuri! Nitapokea wote wawili. Nitawaweka mbele yangu, nichague aliye bora, mwingine nimfiche kwenye kasha la magazeti. Kila mmoja ataambiwa ni wake aliyechaguliwa. Mwello na Dabani ni mbali. Watu hawa watakutana lini?

(Tarehe 26. Nimekumbuka sasa hivi. Nitalifikiria baadaye.)

Jumatano, 17 Desemba

Sanduku la Maloba limefika. Lilifunguliwa pale stesheni Tororo mbele ya watu, kwa sababu Maloba hawezi kufungua hata bahasha bila mashahidi. Yusufu yupo. Maria yupo. Ngamia yupo, na nundu yake. Mtoto hayupo! Wamesahau kumtia. Hori tupu, majani ya plasta, basi.

Nilicheka mpaka nikashika mti.

Amongin hakucheka. Alisema kwa upole kwamba sisi tutakuwa na watoto wawili na jirani hana hata mmoja, na kwamba mtu mwenye akili angeona njia. Nikamwuliza njia gani. Akaenda kukamua ng'ombe.

Ijumaa, 19 Desemba

Niandike kwa mpango.

Asubuhi alifika Ikiring na watu wake wa mti. Mtoto wake ni wa mvule, mzito, uso wa hakimu aliyeamshwa. Chini amechongwa bapa, kwa mazoea ya vigoda. Humlazi. Anakaa.

Adhuhuri akafika mjumbe wa Dabani na Mtoto wa bibi Taaka, ndani ya kikapu. Wa udongo mwekundu, mviringo, mdomo wazi kama mtungi. Amongin alimmiminia maji aone. Hakuvuja hata tone.

Nikaenda bondeni kukata nyasi za hori mwenyewe, kazi hii si ya kumwachia mtu asiyesoma. Nikazitandika. Nikawaweka wote wawili bega kwa bega ili nilinganishe. Dakika tano tu! Nilikuwa nimerudi nyuma hatua mbili, kichwa nimekiinamisha, kama mtu wa makumbusho.

Kichwa cha Maloba kikaingia dirishani.

Alikuja kuomba. Uso wa unyenyekevu, nakiri. Akasema: "Karani, mimi naona watoto mbili. Nipe moja."

Ningeweza kumpa. Sasa naona. Jambo lingeisha pale, kila mtu na Mtoto wake. Lakini "watoto mbili"! Na "moja"! Damu ikapanda. Nikapaza sauti: "Wawili! Sema wawili!" Akasema hakunielewa. Nikatoka mpaka mlangoni nikapiga kelele mara ya pili, nikimwonyesha vidole: "Watoto wawili! Nyumbani kwangu kuna watoto wawili!"

Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka kiwandani na magunia matupu. Barabara imejaa. Wote wakasimama. Mama mmoja akatua gunia, akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele. Vile virefu. Vya pacha.

Maloba mwenyewe uso ukawa wa majivu. Akarudi kwake kinyumenyume.

Jumamosi, 20 Desemba

Nieleze, asije mtu wa mbali akasoma daftari hili na kunicheka. Kwetu Wateso, na kwa Wasamia vilevile, pacha si watoto wa kawaida. Baba akishatangaza kwa kinywa chake kwamba nyumbani kuna wawili, basi wapo. Nyumba hiyo haiingiwi na wakwe mpaka pacha wamechezewa ngoma yao. Na huwezi kumwondoa mmoja ukabaki na mwenzake. Hata akifa hatusemi amekufa, tunasema ameruka. Anayewadharau ngozi yake humwambia, kwa kuwasha.

Mimi siamini mambo haya. Niliandika makala mwaka juzi kwa jina la siri, "Taa ya Mpaka." Niliandika kwamba wazee wetu kwenye ngoma ya pacha huruka kama vyura waliomwagiwa chumvi. Watu walikasirika wilaya nzima. Niliandika mchana, mjini Tororo, nimeshiba. Ilikuwa rahisi.

Leo nilifunga mlango, nikamshika yule wa mvule ili nimpeleke kashani. Mkono ukaanza kuwasha.

Nikamrudisha. Nikamshika wa udongo. Mkono wa pili ukaanza.

Nikawaomba radhi wote wawili, kwa Kiteso, sauti ya chini.

Nje watu wananiita Baba Pacha.

Jumapili, 21 Desemba

Muwasho umefika viwiko. Nimevaa shati la mikono mirefu kwenye jua hili.

Kanisani Padri amehubiri juu ya Mwana Pekee. Pekee! Alilisema mara saba, nilihesabu. Na safari hii alinitazama, sikudhani. Anajua. Siku ya Krismasi ataingia na kukuta Wana Pekee wawili. Nitatengwa na Kanisa, mimi niliyemtetea Baba Mtakatifu wa Roma gazetini dhidi ya mwalimu wa Kiprotestanti kwa miezi minne.

Nikimwondoa mmoja, ngozi yangu. Nisipomwondoa, roho yangu. Nimekula uji tu.

Jumatatu, 22 Desemba

Barua ya Ojiambo. Ya heshima sana, ndiyo maana inatisha. Anapongeza. Anasema habari za pacha zimefika Dabani siku hiyohiyo. Watakuja tarehe 26 kama walivyoahidi, lakini watasimama kwenye ua. Baba wa pacha akicheza, wataingia. Asipocheza, watarudi, na neno la Akwi litangoja mpaka mvua, au mvua nyingine.

Nilimsomea Akwi. Hakulia. Alikuwa anasaga ulezi, akaendelea kusaga, hata ulezi ulipokwisha juu ya jiwe akaendelea. Sauti ile ya jiwe juu ya jiwe. Nimeshinda nayo masikioni.

Amongin alisema nicheze, nimalize. Mimi! Taa ya Mpaka! Nilimwambia mtu aliyepigana na giza kwa kalamu hawezi kuruka kama chura mbele ya Maloba. Akauliza ni nani aliyesema habari za chura. Nikaenda kutazama tairi la baiskeli.

Baada ya chakula nikafungua Injili ya jina langu kutafuta faraja. Sura ya kwanza. Na pale pale, mbele ya macho yangu: Yohana Mbatizaji! Ndugu yake! Amezaliwa miezi sita tu kabla! Mtoto wa pili ni Yohana! Si pacha kwa Padri, si mmoja kwa wakwe. Nilipiga meza. Wino ukamwagika. Sijali.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Ushindi. Nadhani.

Padri aliingia, akainama horini, nyusi zikapanda. Nikamtolea sura ya kwanza yote bila kupumua. Akacheka! Akasema katika nyumba zote za njia hii hakuna aliyefikiri hivyo. Akala karanga. Akavuka na pikipiki yake mpaka kwa Maloba, ambaye amelaza horini kitita cha pamba kilichofungwa kitambaa. Nimeambiwa Padri alivua miwani, akaifuta. Pamba! Watu wengine wana bahati chafu.

Jambo moja linanisumbua. Akiwa mlangoni Padri aliuliza yupi ndiye Yohana. Nikasema yule wa kushoto. Ikiring alikuwepo, amekuja kula sikukuu. Akatazama kushoto. Ni wake.

Nikamvuta kando, nikamwambia ni kushoto kwa Bwana mwenyewe anapotutazama, yaani kulia kwetu, yaani wa mvule ndiye Bwana. Akasema sawa, shemeji. Lakini hakumaliza nyama.

Nimetuma neno kwa bibi Taaka vilevile, asije akasikia vibaya: wa udongo ndiye Bwana.

Ijumaa, 26 Desemba

Niandike kama ilivyotokea, bila kujitetea.

Walifika saa nne. Watu kama thelathini, Ojiambo mbele na kofia mkononi. Wakasimama kwenye ua. Kijana wake nyuma, macho chini. Akwi ndani, mikono ikinuka samaki.

Nikatoka na hotuba yangu ya Yohana Mbatizaji. Sikufika mbali. Bibi Taaka akapenya mbele na fimbo yake. Ni mdogo kama kuku. Akasema amesikia kwa watu wa kanisa kwamba mmoja wa watoto hawa ni mtumishi tu, yule wa kula nzige. Akauliza yupi. Nikasema: bibi, wako ndiye Bwana, nilikutumia neno. Na sauti yangu, ole wangu, ni ya mtu aliyezoea baraza.

Ikiring akatokea mlangoni nyuma yangu. Akauliza kama shemeji yake anaweza kurudia.

Nilisikia nzi. Ng'ambo ya barabara Maloba alikuwa kwenye ua wake na kwaya nzima, na mkononi ana gazeti kuukuu. Nililijua gazeti lile kwa kukunjwa kwake. Ojiambo akaanza kuvaa kofia.

Niliangalia migomba. Ni hatua ishirini. Nikapima kukimbia.

Ndipo Akwi akatoka. Mtoto wa mvule mkono wa kulia, wa udongo mkono wa kushoto, kama mama aliyetoka uzazi. Akasema mbele ya wote kwamba hawa ni Opio na Odongo, majina ya pacha, mpaka wachezewe. Wakishachezewa, nani ni Bwana na nani ni Yohana ataamua Padri, na Padri leo yuko Busia. Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti. "Papa, uliahidi hutabishana."

Nikavua viatu.

Ngoma ya pacha ina sheria yake. Wenyeji na wakwe hutukanana kwa nyimbo, matusi mazitomazito, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Nikapata matumaini. Matusi! Kazi yangu ya miaka ishirini! Nikafungua kinywa. Amongin akaniziba kwa unga. Baba wa pacha hajibu, akasema. Baba wa pacha anaruka.

Basi nikaruka. Bibi Taaka akaimba kuhusu pua yangu. Shangazi zake wakaimba kuhusu baiskeli yangu, na kilichokaa juu yake. Wa kwetu wakajibu kwa bibi Taaka vitu nisivyoweza kuviandika siku ya Mtakatifu Stefano. Kisha Maloba akavuka barabara, akafunua gazeti, akasoma kwa sauti yake ya kwaya: vyura waliomwagiwa chumvi. Akaniuliza kama najua nani aliandika. Sikuwa na ruhusa ya kujibu. Kwaya ikadaka palepale:

"Taa ya Mpaka, ruka tuone!
Chura wa chumvi, ruka tena!"

Niliruka. Kila nilipotaka kusimama nilimwona Akwi mlangoni na watoto wake wawili. Niliruka mpaka nikasahau nilikuwa naogopa nini.

Ojiambo alicheka akalia. Akainamisha kichwa, akapita mlangoni pangu, akakaa kwenye kigoda cha Ikiring. Posa imekubaliwa. Akwi alipakua samaki, kijana akala kichwa na vyote.

Baadaye nikakuta bibi Taaka amempakata mtoto wa mvule. Akamsifu makalio. Ikiring alikuwa akimnywesha pombe mtoto wa udongo na kushangaa kwamba havuji. Hakuna aliyeuliza tena habari za Yohana. Maloba akaomba kuazima mmoja mpaka kesho. Wakamcheka wote: pacha hawaazimwi!

Amongin alinipaka mafuta mikononi. Akasema nyasi nilizokata bondeni zimejaa upupu. Amejua tangu Jumamosi. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Alisema nikiogopa naandika barua chache.

Jumatatu, 29 Desemba

Mwili umetulia. Akili ni kali kama wembe. Nimemaliza makala ya kurasa sita kwa gazeti la Nairobi: "Jinsi Nilivyozima Ushirikina wa Pacha kwa Ujasiri Wangu." Kwa jina langu halisi safari hii. Habari za kuruka sikuzitia. Hazina uzito.

Jana Padri alitangaza kwamba sikukuu ya Mamajusi, tarehe 6, atapita tena kuwatazama wafalme waliotoka mashariki. Ikiring ametuma neno kwamba ana gogo zuri. Bibi Taaka ametuma neno kwamba ana udongo mzuri. Nimewajibu wote wawili ndiyo, watatu watatu. Wakifika nitawaweka bega kwa bega, nichague walio bora, wengine kashani. Mara hii nitafunga dirisha. Ni hila safi. Sioni pa kukosea.

Nimeandika hayo, nikatoka kidogo mlangoni kupunga upepo. Maloba alikuwa kwenye ua wake. Akasema kwa adabu: "Karani, nasikia kutoka mashariki mfalme sita nakuja kwako."

Mfalme sita nakuja!

Nilijizuia. Nilijizuia kweli. Kisha nikaenda mpaka barabarani na kupaza sauti, neno kwa neno, apate kujifunza: "Wafalme! Wafalme sita wanakuja kwangu kutoka mashariki!"

Askari wa D.C. alikuwa akipita na baiskeli kuelekea Tororo. Amesimama. Ameweka mguu chini. Ametoa kidaftari na penseli, ananiomba nirudie polepole.

Angalau yeye ameandika "wanakuja."